Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: wazee wanaobaki ndani msimu wa korosho

Kwenu Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani na Maafisa Ustawi wa Jamii.

YAH: WASAIDIZI WA MAJUMBANI KWA WAZEE WASIOJIWEZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, makazi yangu Newala. Serikali ilinistaafisha kwa mujibu wa sheria, majirani bado. Mpaka leo nagongewa mlango: "Mama, shikamoo, tunaomba uje umtazame bibi." Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyakuta huko ndani.

Kila tarehe 1 Oktoba mnatuita kwenye Siku ya Wazee Duniani. Maturubai yanafungwa, ngoma zinachezwa, mgeni rasmi anahutubia, wazee wanapimwa presha na sukari. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini anayefika pale ni mzee mwenye miguu. Ninayemwombea mimi amelala ndani, na pengine hajatoka hata uani tangu Ramadhani. Hata akitumiwa gari, hawezi kukaa kwenye kiti nusu siku akimsubiri mgeni rasmi.

Na tarehe hiyo inaangukia pabaya, kwa sababu ndipo korosho zinapoanza kudondoka. Nyie nyote mnaijua Oktoba ya huku. Korosho inaokotwa chini, na ukiiacha ikalala na mabibo yanayooza, daraja linashuka na ghalani utarudishwa nayo. Kwa hiyo nyumba inaamka alfajiri na kuhamia shambani. Wengine wanalala huko huko kwenye vibanda mpaka Desemba. Kijijini anabaki bibi au babu, pembeni ya kitanda kuna jagi la maji, chupa ya uji na ndoo, na mjukuu wa darasa la tatu ameagizwa apitie akitoka shule. Huo ndio mpango wa huduma kwa wazee katika mikoa yetu miwili kwa karibu robo ya mwaka. Tena ni robo ile ambayo fedha zinaingia.

Kuna jambo ambalo mgeni wa dakika kumi halioni. Mzee asiye na wa kumwinua hanywi maji. Kiu anayo, ila amepiga hesabu: nikinywa nitataka kujisaidia, nikitaka kujisaidia lazima nimwite mwanangu, na mwanangu karudi shamba hoi. Basi anaonja mafunda mawili ya kumezea dawa. Baada ya siku kadhaa choo kinakuwa kigumu, mkojo unachoma, kichwa kinazunguka, na usiku anaanza kuongea yasiyoeleweka. Nyumbani watasema uzee umeingia kichwani, au kuna mkono wa mtu. Kisha anajaribu kusimama mwenyewe gizani, anaanguka, nyonga inavunjika. Hospitali wataandika nyonga. Kikombe cha maji alichokiacha hakina safu kwenye fomu.

Mambo ya vidonda nayo. Mtu wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Vitabu tulivyosomea viliandika tutafute wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi. Unapitisha kiganja penye mifupa, juu ya makalio, nyongani, kisiginoni, ukitafuta pale penye joto kuliko pembeni, pagumu, au palipozidi weusi na kung'aa. Ukipapata, hapo hapalaliwi tena mpaka ngozi irudi hali yake. Kumfundisha binti jambo hili ni dakika tano. Nimewakuta wanaopaka mafuta ya nazi na kusugua kwa nguvu mahali hapo hapo, kwa mapenzi yote, wakiichana ngozi ambayo ilikuwa bado inaweza kupona. Hakuna aliyewaambia. Mgonjwa aliruhusiwa na karatasi inayosema "aendelee na mazoezi nyumbani", na mazoezi yenyewe hayakuonyeshwa na mtu.

Huku kwetu ongeza matende, ugonjwa ambao Mtwara na Lindi zinaujua kuliko mikoa mingi. Mguu wa matende unaoshwa kila siku kwa maji na sabuni, unakaushwa taratibu hasa katikati ya vidole, kisha unainuliwa juu ya mto. Usipofanya hivyo ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia, na homa inamlaza upya. Sasa mzee wa miaka themanini ambaye mkono wake haufiki kwenye vidole vya miguu ataoshaje? Na maji ni haya ya Makonde, ambayo mradi wake tumeurithi tangu enzi za mkoloni na bado tunayanunua kwa ndoo. Kuna nyumba ambazo kuoga kwa bibi kunapangwa kulingana na maji yaliyopatikana wiki hiyo. Niliwahi kukuta babu mmoja aliyeacha kusali kwa sababu nguo zake hazikai safi. Shehe alimwambia dini ni nyepesi kwa mgonjwa, lakini yeye alichotaka ni kuoshwa tu, avae kanzu safi, asali.

Anayebeba kazi hii karibu kila mahali ni mwanamke, na mara nyingi ni mmoja. Kwa mila zetu, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na binti mara nyingi hukaa karibu na mama yake. Hilo limetusaidia sana. Lakini lina mtego wake ambao maofisa wanaotoka mikoa mingine hawauoni. Mwanaume aliyehamia ukweni akazeekea huko, mkewe akafariki, anabaki kwenye uwanja ambao si wa ukoo wake, na wapwa zake, ambao kwa mila ndio wa kumtazama, wako kijiji kingine. Binti anaona haya kumwogesha baba yake, mkwe ndiyo kabisa hawezi kumgusa mama mkwe. Kwa hiyo mkisikia "ana watoto sita, watamtunza", ulizeni ni watoto gani na wako wapi. Wavulana wetu wako Kariakoo na Mbagala. Wengi ni watoto wema, hela wanatuma. Ila M-Pesa haimgeuzi mtu kitandani.

Mwaka 2003 yalitokea mawili. Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji, na taifa likapata Sera ya Wazee. Daraja halikuchelewa, vijana wakavuka. Sera ikatamka kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, kwamba familia na jamii ndio watunzaji wake wa kwanza, na kwamba makazi ya kulelea wazee ni kimbilio la mwisho. Nakubaliana na kila neno. Sitaki mtujengee makazi ya wazee; mzee wa Kimakonde ukimtoa kwenye uwanja wake na mikorosho yake umemmaliza. Tatizo ni kwamba familia ilipewa jukumu bila kupewa mtu wa kuisaidia.

Kadi ya matibabu bure ipo, na dirisha la wazee hospitali lipo. Ukilifikia, wakati mwingine utaandikiwa dawa ukanunue duka la nje, lakini hiyo ni barua nyingine. TASAF inazisaidia kaya maskini, na baadhi ni za wazee. Vyote hivyo vinaishia mlangoni. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000, hata kama maisha yake yote alikuwa mvuvi au mkulima. Najua pensheni ya bara haiamuliwi Mtwara. Ninaloomba linaweza kuamuliwa Mtwara na Lindi, na ndiyo maana sikuandika Dodoma.

Ombi la kwanza ni kuwafahamu. Mkulima wa korosho huku amesajiliwa. Panajulikana ana shamba wapi na mikorosho mingapi, na kwa hesabu hiyo anagawiwa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Kazi kubwa imefanyika hapo na naisifu. Lakini muulizeni Mtendaji wa Kijiji yeyote: ni wazee wangapi hapa kijijini hawawezi kwenda chooni bila kushikwa? Atakisia. Sensa ya 2022 ilitupa idadi ya watu, 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi, lakini sensa haina kazi ya kukuambia nyumba gani ugonge kesho asubuhi.

Kuandika daftari la wazee hao hakuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake walitoa kipimo ambacho mpaka leo wauguzi wanakitumia dunia nzima, nacho ni maswali sita tu. Je, mtu huyu anaoga mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anafika chooni na kujisafisha? Anatoka kitandani na kukaa kitini? Anaweza kuzuia haja? Anajilisha? Kila jibu la "ndiyo" ni alama moja. Mwenye sita yuko vizuri, mwenye mbili anahitaji mtu kila siku. Mjumbe wa Baraza la Wazee la kijiji na muuguzi wa zahanati wakitembea pamoja, kijiji cha kawaida wanakimaliza ndani ya wiki. Lifanyike kila Agosti na Septemba, kabla korosho hazijadondoka, na liulize pia swali la saba ambalo Katz hakulifikiria kwa sababu hakuwa mtu wa Tandahimba: msimu ukianza, nani atabaki nyumbani na mzee huyu?

La pili ni mikono. Mnaomkumbuka mhudumu wa wagonjwa majumbani wa miaka ile ya UKIMWI, kabla dawa za kufubaza hazijaenea, mnajua ninachosema. Alikuwa jirani tu, kafundishwa wiki chache, ana begi lenye glavu, bandeji na dawa za maumivu. Alikuwa anaingia nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wanaogopa kuingia. Fedha za wafadhili zilipopungua, mabegi yalibaki yananing'inia ukutani. Ujuzi haukufa. Wengi wa wanawake wale wapo, wanaokota korosho, na ukiwaita wafundishe wengine watakuja.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na lengo ni kuwafikia 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Ni hatua nzuri, na naomba mzee asiyetoka kitandani awe kwenye ratiba yao ya kila wiki, wamkague ngozi, dawa na maji ya kunywa. Lakini msiwageuze kuwa waogeshaji. Wana wajawazito, watoto, lishe, malaria, kifua kikuu. Ukimpa na kazi ya kuogesha wazee kumi, atawatembelea kwenye fomu. Msaidizi wa nyumbani awe mtu mwingine, anayeingia asubuhi kwa saa moja au mbili, anaogesha, anabadilisha nguo, anamkalisha, anampa chai, anamgeuza, anaenda nyumba ya pili, na jioni anarudi. Nyumba tatu au nne kwa siku zinamtosha. Wawepo wanawake na wanaume, kwa sababu ya ile haya niliyoieleza. Wachaguliwe na kijiji chenyewe, Baraza la Wazee liwapitishe, na asiruhusiwe hata mmoja kushika fedha ya mzee wala simu yake yenye fedha. Nasema hili wazi kwa sababu maneno yakishaanza kijijini kwamba fulani amekula hela ya bibi, mpango mzima unakufa hata kama hakula.

Mafunzo yapo karibu. Vyuo vya uuguzi vya Ndanda na Newala vinaweza kuwafundisha kumwinua mtu bila kuumiza kiuno, kumlisha aliyepooza upande mmoja bila kumpalia, kumwogesha kwa nusu ndoo. Kwa asiyejua, hilo la mwisho linawezekana. Mabakuli mawili, vitambaa viwili, unaanza na uso, unafunua kiungo kimoja tu kwa wakati, unaosha, unasuuza, unakausha, unafunika kwa khanga kisha unahamia kingine, na sehemu za siri zinakuwa za mwisho kwa maji mapya. Mzee habaki uchi hata dakika moja.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Choo chetu cha shimo kinataka uchuchumae, na magoti ya miaka 75 hayachuchumai. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kina mikono ya kushikia, unakiweka juu ya shimo au juu ya ndoo kando ya kitanda. VETA Mtwara na VETA Lindi wanafunzi wao wanatengeneza vitu kila muhula kwa ajili ya mazoezi, watengeneze hivi. Viti vitano au sita, magongo, kiti cha magurudumu kimoja, vikae ofisi ya kata na viazimwe kwa daftari. Mzee akifariki kirudi, kiende nyumba nyingine. Siku hizi kinachotokea ni kwamba mwenye nacho akifa, kiti kinabaki stoo kinaliwa na mchwa.

Sasa fedha, maana najua hapa ndipo barua kama hizi zinapofungwa. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, mkalalamika, lakini bado kwa mikoa yetu korosho ndiyo inayowalisha. Sehemu ndogo ya ushuru huo iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake: wasaidizi wa wazee majumbani. Isifichwe ndani ya "huduma nyingine za jamii", maana huko hatuwezi kuifuatilia.

Mkisema haitoshi, kuna njia ya pili, na naitaja kwa tahadhari kwa sababu neno "makato" linawasha kwa mkulima wa huku, na lina sababu ya kuwasha. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inayouza tani 500, wanachama wakikubali kwenye mkutano wao shilingi 5 kwa kilo, inapata shilingi 2,500,000. Wasaidizi wanane wakilipwa posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi, Oktoba mpaka Desemba, ni shilingi 2,400,000. Inabaki ya sabuni na glavu. Lakini iwe wanachama wamekubali, na hesabu ibandikwe ukutani ghalani kila mwezi. Mkituletea waraka wa kutulazimisha, nitakuwa wa kwanza kuupinga.

Mtaniambia pia kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Ndiyo: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2. Mzee hayumo, na mkopo haumfai mtu asiyeweza kukaa. Ila kikundi cha vijana au wanawake kikijisajili kutoa huduma hii, hata kwa familia zenye watoto mijini wanaoweza kulipia, kwa nini kisikopeshwe? Najua watoto walioko Dar ambao wangelipa kesho kama wangekuwa na mtu wa kumwamini. Mnakopesha bodaboda na vibanda vya chipsi, kopesheni na hawa.

Wapo watakaosema mnaua mila, mzee atunzwe na wanawe. Mara nyingi wanaosema hivyo ni wanaume ambao hawajawahi kufua shuka lililolowa saa tisa usiku. Binti akipata msaidizi kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, akaenda shambani akijua mama yake kaoga na kanywa chai, hajaacha kuwa mwana. Unyago na jando tunavichangia kijiji kizima na hakuna anayeuliza hilo ni jukumu la nani. Katiba yenyewe, ibara ya 11, imeitaka Mamlaka ya Nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee na maradhi. Huo utaratibu ndio nauombea.

Sihitaji mikoa yote miwili ianze siku moja. Chagueni kata moja ya Newala au Tandahimba, ambako maji ni shida, na moja ya mwambao, Kilwa au Lindi, ambako waliobaki nyumbani ni wazee wa wavuvi. Daftari likamilike kabla ya Oktoba ijayo, wasaidizi wafanye kazi msimu mmoja, Januari mkae na Mabaraza ya Wazee msikie kilichoharibika. Bajeti ya mwaka unaoanza Julai itakuwa bado inajadiliwa.

Naomba majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Wazee ninaowasemea hawatayasoma, lakini mabinti zao wanapita hapo kila siku wakienda kuchota maji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Newala.

Nakala: Mabaraza ya Wazee ya Kata, Mtwara na Lindi, Wenyeviti wa AMCOS.